Maji ya Mlimani na Matope ya Garsen

Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Urefu wake wapata kilometa 1,000, na maji yake huanzia katika milima ya Nyandarua na katika Mlima Kenya, ambao kilele chake kimeinuka mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Hushuka katika vilima vya Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na Embu, hukata nyika kavu, hupita Garissa, Bura, Hola na Garsen, kisha huingia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Haya hufundishwa katika kila shule. Jambo ambalo aghalabu halifundishwi ni ya kuwa mtu asimamaye ukingoni mwa mto pale Garsen huwa anatazama mvua iliyonyesha mbali naye, katika nchi ya baridi na ya mashamba ya chai, kwa watu ambao huenda asionane nao maisha yake yote.

Garissa hupata mvua isiyofika milimita 400 kwa mwaka wa kawaida, hali miteremko ya Mlima Kenya ielekeayo kusini na mashariki hupata mara nne au tano ya kiasi hicho. Tangu mto uachapo nchi ya vilima mpaka baharini, hakuna kijito kinachouongezea maji mwaka mzima. Ziko laga tu, ambazo hutiririka kwa siku chache za mvua na kurudi kuwa mchanga. Kwa hiyo karibu kila debe la maji linalotekwa Garsen limetoka milimani, na kila jambo litendwalo milimani, likiwa la jembe, la shoka au la saruji, hufika Garsen siku moja.

Wenyeji wa huku chini walikwisha kulijua hilo kabla ya wataalamu kuja na vitabu vyao. Wapokomo, ambao wimbo wao wa kubembeleza mtoto ndio uliotoa sauti ya wimbo wa taifa la Kenya, wamelima kingo za mto kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maji. Mto hufurika mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Maji yakitoka mtoni hutandaza juu ya mashamba tabaka jembamba la udongo mpya, na yakirudi huacha unyevu wa kutosha kuotesha mahindi na ndizi, na katika nchi ya chini zaidi, mpunga. Shamba la namna hii halihitaji mbolea ya dukani. Waorma na Wawardei nao hushusha ng'ombe wao wakati wa kiangazi, nyika yote ikiwa imekauka, kwa kuwa nyasi za bondeni huwa bado mbichi pale ambapo maji yalilala. Mkulima na mchungaji wanapendelea nyakati tofauti, lakini wote wawili wanaishi kwa gharika ile ile.

Wageni wa kwanza kuandika habari za mto huu waliutafuta kama njia ya kuingilia bara. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, waliusafiria mwaka 1878, na mwaka 1891 nahodha Mwingereza aitwaye Dundas akaupanda kwa meli ndogo iliyoitwa Kenia. Walikuta mto unaozunguka-zunguka na kubadili njia, wenye mafungu ya mchanga ya leo ambayo kesho hayapo. Lakini somo kubwa zaidi la karne hiyo lilitoka kwa sultani wa Witu, ambaye alichimbisha mfereji mwembamba uitwao Belezoni ili vyombo vipite kutoka Tana mpaka mto Ozi. Mto ukaupenda mfereji ule. Kidogo kidogo maji yakaufuata, mfereji ukapanuka, na mdomo wa zamani wa Tana ukaachwa, hata leo mto unatokea baharini Kipini kwa njia ya Ozi. Kazi ya majembe na makapu ilihamisha mdomo wa mto mrefu kuliko yote nchini, wala hakuna aliyekusudia.

Uchunguzi wa vipimo ulikuja baadaye, nao hauna makuu. Penye ukingo imara husimamishwa mbao zenye tarakimu, na mtu wa zamu husoma maji yamefika tarakimu gani. Lakini kimo cha maji peke yake si wingi wa maji. Hupasa kupima upana wa mto, kina chake katika sehemu nyingi, na mwendo wake kwa chombo chenye mabawa madogo yazungushwayo na maji. Vipimo hivyo vikizidishwa pamoja, hupatikana mita za ujazo zipitazo kila sekunde. Kwa matope, maji huchotwa kwa chupa, huchujwa, kisha kile kilichobaki hukaushwa na kuwekwa katika mizani. Ni kazi ya kuchosha, ambayo haina thamani ikifanywa kwa mwezi mmoja, na ina thamani kubwa ikifanywa kwa miaka 50. Kituo cha Garissa kimekuwa na kumbukumbu za namna hiyo tangu siku za ukoloni, na kumbukumbu hizo ndizo zilizowezesha kujua jambo ambalo bila hizo lingebaki maneno ya wazee.

Jambo lenyewe ni hili. Kati ya mwaka 1968 na mwaka 1988 yalijengwa mabwawa matano ya umeme katika sehemu ya mto iitwayo Seven Forks: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Masinga ndilo ghala kubwa, lenye nafasi ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Kwa miaka mingi mabwawa haya yalitoa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya, na hakuna mtu mwenye akili awezaye kuyadharau. Kisha John Maingi na mwenzake Stuart Marsh wakalinganisha kumbukumbu za Garissa za kabla ya mabwawa na za baada yake, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2002. Waliona ya kuwa kilele cha mafuriko ya mwezi Mei kimepungua, na maji ya miezi ya kiangazi yameongezeka. Mto umesawazishwa. Kwa mtambo wa umeme huo ni uzuri mtupu, maana mtambo hutaka maji yaleyale kila siku. Kwa shamba la Mpokomo ni kama mwaka usio na majira.

Wa kwanza kuonyesha hasara ya kusawazishwa huko hawakuwa watu, bali miti. Kaskazini ya Garsen, kando ya mto, iko misitu myembamba ya mikuyu, mikindu na miti mingine mirefu, ambayo imezungukwa pande zote na nyika. Ndani yake wanaishi wanyama wawili ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, yaani mbega mwekundu wa Tana na kima mwenye kishungi aitwaye mangabe wa Tana. Hifadhi ilitangazwa kwa ajili yao mwaka 1976. Francine Hughes, mtaalamu wa mimea, alipima misitu hiyo, na katika maandishi yake ya mwaka 1990 alieleza jinsi kila namna ya mti ilivyoshikamana na kimo chake cha mafuriko. Mbegu nyingi huota tu pale ambapo mto umefurika na kuacha udongo mpya. Mti mkubwa waweza kusimama miaka mingi baada ya mafuriko kupungua, na mpita njia akasema msitu u salama. Kumbe chini yake hakuna mche hata mmoja. Msitu wa wazee bila watoto haupigi kelele.

Halafu zikaja nyasi. Crystele Leauthaud, Stéphanie Duvail, Olivier Hamerlynck na wenzao walifanya kazi katika delta ya chini ya Garsen, na maandishi yao ya mwaka 2013 yanaeleza uhusiano wa mafuriko na maisha ya wenyeji. Waliyachunguza malisho ya bondeni, ambayo sehemu yake kubwa ni nyasi zipendazo kusimama majini, ambazo shina lake hurefuka kadiri maji yanavyopanda. Mafuriko yakiwa mazuri, bonde hutoa malisho ya kushangaza. Yakikosekana, nyasi hizo hudhoofika na mahali pake pakashikwa na mimea mingine isiyolisha. Hesabu hii inamhusu mchungaji wa Kiorma moja kwa moja, ingawa yeye hakuhitaji mizani kuijua. Faida ya mizani ni ya kuwa yaweza kusomwa Nairobi.

Kuhusu matope, habari ni ya ajabu kidogo. Yajulikana ya kuwa bwawa hushika udongo utokao milimani. Tangu miaka ya 1970 Thomas Dunne na George Ongweny walionya ya kuwa udongo unaoshuka mto Tana wa juu ni mwingi, na Masinga limekuwa likipungukiwa nafasi tangu siku lilipofunguliwa. Kwa hiyo mtu angetazamia Garissa wapate maji masafi. Naomi Geeraert na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, walipima matope Garissa na Garsen na kuyalinganisha na kumbukumbu za zamani, na mwaka 2015 wakaeleza ya kuwa mzigo wa matope wa mto wa chini haukubadilika sana kwa sababu ya mabwawa. Maji yaliyovuliwa matope pale juu hutoka bwawani yakiwa na nguvu ya kubeba na hayana cha kubeba. Basi hukwangua sakafu ya mto na kula kingo zake mpaka yajaze mzigo upya. Mwenye shamba la ndizi ukingoni anayeamka na kukuta safu ya migomba imeporomoka mtoni, sasa anaweza kuambiwa udongo wake umekwenda kulipa deni la nani.

Mto unaokula kingo hauna adabu kwa mipango ya watu. Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulianzishwa mwaka 1953 kwa nguvu za watu waliowekwa kizuizini wakati wa Mau Mau. Ndipo mahali ambapo wafungwa 11 walipigwa hata wakafa, tarehe 3 Machi 1959, na magazeti ya serikali ya siku zile hayakuwa na sifa ya kueleza mambo hayo kwa ukweli. Mradi ukaendelea baada ya uhuru, ukalimwa pamba na mahindi, mpaka mwaka 1989 mto ulipohama njia yake na kuyaacha makavu mahali mashine zilipokuwa zikivuta maji. Kwa miaka mingi Hola ikakosa maji ya shamba, hali mto ulikuwa karibu.

Huko milimani, watu wa serikali wamekuwa wakijaribu kuuzuia udongo usishuke tangu zamani, na namna ya kujaribu imekuwa na maana kama jambo lenyewe. Serikali ya kikoloni iliamrisha wakulima wa Murang'a wachimbe matuta kwa kazi ya lazima, na mzigo mwingi ukawaangukia wanawake. Mwaka 1947 watu walikataa. Matuta yalikuwa na faida. Amri ndiyo iliyoyaharibia jina, hata mengine yakavunjwa kwa makusudi. Tangu mwaka 2015 uko Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao huwasaidia wakulima kwa miche, majani ya nepia ya kupanda penye mteremko, na maarifa ya matuta, kwa kuwa Nairobi yenyewe hunywa maji ya vijito vya mto Tana, hasa kutoka bwawa la Ndakaini. Mkulima hupata majani ya ng'ombe wake, na udongo hubaki shambani kwake. Njia hii inakwenda vizuri kuliko kiboko. Hata hivyo yafaa kutazama ni nani aliyehesabiwa katika faida: Nairobi imehesabiwa, mitambo ya umeme imehesabiwa, na Garsen, iliyo mwisho wa mto, hutajwa mara chache.

Hapo ndipo pana kiini cha shauri hili. Watu wengi hudhani ya kuwa mabwawa yamewaokoa watu wa chini na mafuriko. Ni kweli kwa mafuriko ya kadiri, yale yaliyokuwa na faida. Gharika kubwa haizuiliki. Mwishoni mwa mwaka 1961, kabla ya bwawa hata moja, mto ulifunika nchi. Mwaka 1997 kuingia 1998, mvua za El Niño zilivunja kingo za mashamba ya mpunga yaliyojengwa kwa gharama kubwa katika delta. Mwaka 2018, Masinga likiwa limejaa na kumwagika, watu wa Tana River walihama tena. Na mwezi Novemba 2023 barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatwa na maji. Mwezi Aprili 2024 mashua iliyojaa watu ilipinduka katika maji ya mafuriko upande wa Garissa, na watu wakafa. Bwawa lililojaa halina mahali pa kuweka mvua mpya. Hulazimika kuipitisha yote. Kwa hiyo watu wa Garsen wamepunguziwa mafuriko ya kulisha na kuachiwa mafuriko ya kuua. Tena katika miaka ambayo maji hayafiki, watu hushuka na kujenga mahali ambapo babu zao hawangejenga, na gharika ijapo huwakuta huko.

Yanapopungua malisho na mashamba, watu husogeleana mpaka wagombane. Kuna njia ziitwazo malka, ambazo mifugo hupitia kwenda kunywa mtoni katikati ya mashamba. Zikilimwa, ng'ombe hupita katika mazao. Mwezi Agosti 2012 ugomvi wa namna hiyo kati ya Wapokomo na Waorma uligeuka kuwa mauaji, vijiji vikachomwa, wanawake na watoto wakauawa, na mpaka mwanzo wa mwaka 2013 walikuwa wamekufa watu zaidi ya 100. Si haki kuyalaumu maji peke yake. Ulikuwako ubishi wa ardhi na wa siasa. Lakini bonde lenye mafuriko mazuri lina nafasi ya ng'ombe na ya mpunga, na bonde kavu halina. Mwezi Septemba mwaka uleule wa 2012, huku maiti zikizikwa, hekta 163,600 za delta ziliandikwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye thamani kwa dunia nzima. Baadaye ukatengenezwa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, uliotolewa mwaka 2015, ambao wakulima, wachungaji na wavuvi walishiriki kuujadili. Mpango huo umegawa ardhi. Kugawa maji hakumo katika uwezo wa watu wa delta, kwa sababu milango ya maji iko kwa wenzao wa juu.

Watu wa Ozi, karibu na mdomo wa mto, wanalo shitaka jingine. Wao walizoea kulima mpunga kwa ufundi usio na mashine: bahari ikijaa, husukuma maji matamu ya mto yapande na kuingia mashambani, na ikipwa, maji hutoka. Ufundi huo wahitaji mto wenye nguvu ya kuizuia bahari. Katika miaka ya karibuni maji ya chumvi yamekuwa yakipanda mtoni, mashamba ya mpunga yakaharibika, na miembe na minazi ikaathirika.

Iko dawa ambayo imejaribiwa kwingine. Katika delta ya mto Senegal, upande wa Mauritania, hifadhi ya Diawling ilikuwa imekauka baada ya mabwawa kujengwa. Tangu mwaka 1994 maji yamekuwa yakifunguliwa kwa makusudi katika majira yake, na nyasi, samaki na ndege wakarudi, na wanawake wakapata tena majani ya kusukia mikeka. Hamerlynck na Duvail waliifanya kazi hiyo kabla ya kuja Tana. Kwa hiyo wazo la kuyafungulia mabwawa ya Seven Forks maji mengi kwa siku chache katika mwezi wa Mei, ili bonde lifurike kwa kadiri ijulikanayo, si ndoto ya watu wa vitabu. Gharama yake ni umeme usiozalishwa katika siku hizo, nayo yaweza kuhesabiwa kwa shilingi. Faida yake ni mpunga, samaki, maziwa na msitu, ambavyo navyo vyaweza kuhesabiwa, ila mara nyingi havikuandikwa katika daftari ileile.

Shauri hili lina haraka yake. Kwa miaka mingi limekuwa likizungumzwa bwawa jingine, High Grand Falls, chini ya Kiambere, ambalo likijengwa litakuwa kubwa kuliko Masinga mara kadhaa. Bwawa la namna hiyo laweza kuimeza hata gharika kubwa, na laweza pia kuimeza ile ndogo ya mwisho iliyosalia. Yote yategemea milango itakayowekwa ukutani, ukubwa wake na kimo chake, na maneno yatakayoandikwa katika kibali juu ya mwezi wa kuifungua. Mlango usiowekwa wakati wa kujenga hauwekwi baadaye.

Kwa sasa watu wa Garsen wanategemea tangazo. Masinga likikaribia kujaa, watu wa chini huonywa, na maji huchukua siku kadhaa kushuka kutoka nchi ya mabwawa mpaka Garissa, na nyingine tena mpaka Garsen. Siku hizo zatosha kuhamisha mbuzi, kuvuna mahindi mabichi na kupandisha wagonjwa mahali pa juu, ikiwa habari imefika kijijini siku ileile, kwa lugha inayosikiwa, na imesema maji yatafika kimo gani katika mbao zile za ukingoni.